Kutafuta Maneno ya Kiingereza Ndani ya Herufi Chache

Kila aliyepita Kidato cha Kwanza aujua mchezo huu. Mwalimu wa Kiingereza huandika neno moja ubaoni, kisha hututaka tutafute maneno mengine yanayopatikana katika herufi zake, kwa muda wa dakika kumi. Sharti ni moja: herufi isitumike mara nyingi kuliko ilivyotolewa.

Siku yangu ya kwanza neno lilikuwa TEACHER, yaani mwalimu. Nilipata maneno matatu tu: EAT, TEA na HAT. Jirani yangu alipata kumi na tisa. Nilidhani amezaliwa na Kiingereza kichwani, kumbe alikuwa na utaratibu. Utaratibu huo ndio ninaotaka kuueleza, maana hauhitaji akili ya ajabu.

Kwanza yafaa tujue kwa nini sisi hushindwa. Katika Kiswahili karibu kila silaba huishia na irabu: ka-la-mu, ki-ta-bu. Kwa hiyo, tukitazama herufi, macho yetu hutafuta TA, TE, CHA na RE. Lakini maneno ya Kiingereza hupenda kufungwa na konsonanti, na pengine konsonanti kadha hufuatana bila irabu katikati. Neno STRENGTH, yaani nguvu, lina herufi nane na irabu moja tu! Basi mtu anayetafuta kwa mazoea ya Kiswahili huyapita maneno mengi bila kuyaona.

Wala kubahatisha hakufai. Herufi sita zisizofanana zaweza kupangwa kwa njia 720. Ukijaribu njia moja kila sekunde, utatumia dakika 12, na hapo hujagusa maneno ya herufi tano, nne wala tatu.

Sasa nitaeleza hatua zenyewe.

Hatua ya kwanza ni kutenga irabu upande mmoja na konsonanti upande wa pili. Kisha tazama konsonanti zinazopenda kwenda pamoja, kama TH, CH, SH, ST, TR na CR. Katika TEACHER tunazo TH, CH, TR na CR. Kwa TH twapata EARTH na THREE. Kwa CH twapata REACH na CHART. Kwa TR twapata TRACE. Kwa CR twapata CRATE na CREATE. Lakini TREAT hairuhusiwi, kwa sababu ina T mbili, nasi tumepewa moja.

Hatua ya pili ni kutazama miisho. Maneno mengi ya Kiingereza huishia na S, ED, ER au ING. Ukiziona herufi hizo, ziweke kando, uchunguze zilizobaki. Tukiondoa ER katika TEACHER, zabaki herufi za TEACH, yaani fundisha, ambazo pia ni herufi za CHEAT, yaani danganya. Rudisha ER, upate CHEATER, mdanganyifu. Kumbe mwalimu na mdanganyifu wana herufi zile zile, ila hazikupangwa namna moja!

Hatua ya tatu ni kuipa kila herufi zamu ya kuanza. Ukianza na H utapata HAT, HEAT, HEART na hata HECTARE. Usihamie herufi nyingine mpaka umalize ile ya kwanza.

Hatua ya nne ni ya daftari. Zipange herufi za neno kwa kufuata alfabeti. LISTEN, sikiliza, itakuwa EILNST. SILENT, kimya, itakuwa EILNST. ENLIST, andikisha jeshini, ni EILNST vile vile. Basi maneno yote yenye ufunguo mmoja huandikwa ukurasa mmoja. Hata Kiswahili hutii sheria hii: lima, mali, mila, lami na imla zote zina ufunguo AILM. Kompyuta nazo zaweza kutumia njia hii kutafuta maneno kwa haraka.

Aliyetazama herufi kwa makini kuliko wengi alikuwa Mmarekani, Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi wakati wa shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika magazeti ili ajue zipi hutumika sana, akatunga mchezo ambao tangu mwaka 1948 waitwa Scrabble. Katika vibao vyake 100, E ina vibao 12, lakini Q na Z zina kimoja kimoja, na kila kimoja ni pointi 10. S ina vinne tu, ili watu wasipate pointi kwa urahisi kwa kuongeza S ya wingi. Hapo twajifunza kwamba mwenye E, A, T, R na N mkononi ana mali, na mwenye Q amtafute U kwanza.

Lakini kupata neno si kulijua. Siku ile jirani yangu aliposoma HECTARE, nilidhani ni neno geni kabisa. Nilipofungua kamusi niliona kuwa ni hekta, ile ile ninayoisikia nyumbani kila msimu wa kulima. Nikayatazama na mengine: HEART ni moyo, tunaousoma katika Biolojia, EARTH ni dunia, ya Jiografia, REACT ni neno la Kemia. Mambo hayo niliyajua kwa Kiswahili tangu shule ya msingi, ila REACT, lakini katika majaribio ya muhula ule niliacha nafasi tupu, kwa sababu sikuyatambua majina yake. Majibu yalikuwa kichwani mwangu na maneno yalikuwa ubaoni, lakini havikukutana.

Kwa hiyo bwenini kwetu tumeweka sharti la pili: neno halihesabiwi mpaka aliyelipata aeleze maana yake kwa Kiswahili na kulitumia katika sentensi ya Kiingereza. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, jaribuni neno moja kila jioni kabla ya kengele ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni na herufi za neno PARENTS, yaani wazazi, na wazazi wetu wakipenda wajaribu pamoja nanyi wakati wa likizo.