Bosi wa Mikopo Usimnunie Bure

Umevaa suti yako ya Idi, hati ya nyumba iko ndani ya bahasha na hesabu za ghala lako la korosho pale Mtwara zimenyooka. Afisa wa mikopo kakuchekea, na chai kakupa. Wiki mbili baadaye unaambiwa hapana! Unatoka ukinung'unika kwamba wamekunyima kwa kuwa huna mjomba mle ndani.

Taratibu, ndugu yangu. Juu ya yule aliyekuchekea yuko meneja usiyemwona, anayeangalia mikopo yote ya benki kama kapu moja. Huyo hakujui hata kwa sura. Swali lake ni: humu kapuni wameshajaa watu wa korosho wangapi? Maana bei ikianguka mnaanguka wote siku moja, hata yule mwaminifu kupindukia. Basi wewe unaachwa nje, na mwenye gesti ambaye hesabu zake ni za kuungaunga anapita.

Inauma, lakini tuliyaona. NBC ya zamani, iliyomegwa mwaka 1997, ilikuwa imeelemewa na madeni ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mzigo ukaangukia serikali, yaani mimi na wewe. Na mwaka 2017 mikopo chechefu ya mabenki yetu ilivuka asilimia 10, wakati Benki Kuu inataka isizidi 5.

Mkopo ukipita siku 90 bila rejesho, umechacha. Benki inatenga pesa zake kufidia, pesa ambazo angekopeshwa mwingine. Ndiyo maana kila asubuhi bosi huyu (na huweza kuwa mama) anaanza na orodha ya waliochelewa. Wa siku 30 anawapenda, bado wanapokea simu, na mtu akienda mwenyewe kujieleza huweza kuongezewa muda. Wa siku 80 wameshabadilisha namba. Aliyefilisika kweli hamkeri sana; anayemkera ni yule aliyeingia mitini, huku kila Jumamosi yuko kamati ya harusi akiahidi milioni.

Kwa hiyo ukikataliwa, uliza: tatizo ni mimi au ni korosho? Kama ni korosho, jaribu benki ya pili, huenda kapu lao halina hata moja. Kama ni wewe, usijisumbue. Siku hizi mabenki yanapeana taarifa za wadaiwa, na deni ulilolikimbia kule utalikuta limekutangulia kaunta.