Bukavu: kwa nini kona ya kushoto ni mbaya kuliko ya kulia

Motari anayeshuka toka Nguba kuelekea mpaka wa Ruzizi ya kwanza hakufundishwa fizikia, lakini akifika kwenye kona analaza pikipiki. Mwili wake unajua kwamba akibaki wima atatupwa upande wa nje. Wakimbiaji wakubwa wa dunia nao wanalala vile vile, ila wao wanajengewa kiwanja ambacho kinainama pamoja nao.

Mwezi wa tatu mwaka 1997, katika jumba la Bercy mjini Paris, Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbilia timu ya Denmark, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 za ndani ya jumba mara mbili kwa siku tatu. Mara ya pili alitumia dakika 1 na sekunde 42.67. Viwanja vya ndani vina mita 200 tu kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kona zake zinabana sana. Ndiyo maana upande wa nje unanyanyuliwa, na sheria inaruhusu hadi digrii 15. Kiwanja cha nje cha mita 400 hakihitaji hivyo: kona zake ni pana, na mwinamo wake hauruhusiwi kupita sentimita 1 kwa kila mita 1 ya upana.

Hata mwinamo huo haukuponya kila kitu. Mbio za mita 200 ziliondolewa kwenye ubingwa wa dunia wa ndani baada ya 2004, kwa sababu aliyepewa mstari wa ndani kabisa alikuwa kama ameshashindwa kabla ya kuanza.

Sasa turudi Ibanda. Tuseme kona ni kipande cha duara ambalo toka katikati hadi ukingo ni mita 30. Kwa kilomita 20 kwa saa, motari anahitaji kulala digrii 6 tu. Kwa 40, anahitaji digrii 23. Kwa 60, digrii 43. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayomvuta nje inazidi mara nne, si mara mbili; hapo ndipo vijana wengi wanadanganyika.

Digrii 43 ni karibu na mwinamo wa kona za velodromu, vile viwanja vya mbio za baiskeli vya mita 250. Kule ukuta wenyewe unamsukuma mpanda baiskeli kuelekea ndani. Kwenye lami ya Ibanda iliyo tambarare, kazi yote inabaki kwa magurudumu mawili, na mvua ikishusha tope toka mlimani, magurudumu hayawezi tena. Kulala kwa pikipiki kunazuia kupinduka, hakuzuii kuteleza.

Je, si tuinamishe kona zetu zote? Barabara za nje ya mji zinainamishwa, mara nyingi hadi sentimita 8 kwa kila mita. Lakini kwenye kona yetu ya mita 30, mwinamo huo unabeba wenyewe mwendo wa kilomita 17 hivi tu kwa saa. Zaidi ya hapo ni kazi ya magurudumu. Na ndani ya mji, ambako lori lililojaa linasimama kwenye foleni katikati ya kona, mwinamo mkali ungelivutia upande wa ndani pamoja na mzigo wake.

Kitu ambacho tungeweza kuwadai wajenzi ni kidogo zaidi, na kwa maoni yetu kina maana zaidi. Barabara nyingi zinajengwa na mgongo katikati ili maji yaende kwenye mifereji ya pande zote mbili. Ukiacha mgongo huo kwenye kona, nusu ya nje inainama kinyume, inakusukuma utoke. Sisi tunapita upande wa kulia, kwa hiyo kona ya kushoto ndiyo inatuweka kwenye nusu hiyo mbaya. Mkenya au Mtanzania, ambaye anapita kushoto, anaikuta kwenye kona ya kulia.

Abiria naye anahesabiwa. Motari akilala na wewe ukajivuta upande wa pili kwa woga, pikipiki inabidi ilale zaidi ili kupita kona ile ile.