Treni ndogo, kazi ya miaka mingi

ALFAJIRI ya Jumamosi, Mei 18, 2019, wanachama wa klabu ya reli za mfano ya Market Deeping, katika jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza, walipata habari iliyowavunja moyo. Maonyesho yao, yaliyokuwa yafunguliwe asubuhi hiyo katika shule moja mjini Stamford, yalikuwa yamegeuzwa kifusi. Vijana wanne walikuwa wameingia usiku na kuponda meza, vichwa vya treni, mabehewa na nyumba ndogo zilizotengenezwa kwa mkono kwa miaka mingi.

Klabu hiyo iliomba umma mchango wa pauni 500. Katika muda wa siku chache zilikuwa zimepatikana zaidi ya pauni 100,000, zikiwamo pauni 10,000 za mwanamuziki Rod Stewart, ambaye mwenyewe ametumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 wenye reli, maghorofa na magari madogo. Hata hivyo, wengi wa waliopoteza kazi zao walijua kwamba fedha zisingeweza kurudisha kilichopotea.

Kwa asiyeijua sanaa hii, swali ni la haki: kwa nini watu wazima watokwe machozi kwa ajili ya vitu vinavyofanana na vya kuchezea? Jibu limo katika namna vitu hivyo vinavyotengenezwa, na zaidi katika namna wenyewe wanavyogawana kazi hiyo.

Lugha ya vipimo

Jambo la kwanza analojifunza mgeni katika fani hii ni uwiano. Kipimo kinachotumiwa na watu wengi zaidi duniani huitwa HO, ambacho ni 1 kwa 87. Maana yake ni kwamba kila sentimeta 87 za treni halisi hugeuzwa kuwa sentimeta moja mezani. Reli ya upana wa milimita 1,435, inayotumika katika sehemu kubwa ya Ulaya na Marekani Kaskazini, hupungua na kuwa milimita 16.5. Wenye nafasi finyu nyumbani hupendelea kipimo cha N, ambacho reli yake ina upana wa milimita 9 tu. Kipo pia kipimo cha Z, kilicholetwa na kampuni ya Kijerumani ya Märklin mwaka 1972, chenye reli ya milimita 6.5.

Märklin hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha mjini Leipzig, mwaka 1891, treni za kuchezea ambazo upana wa reli zake ulikuwa umepangwa kwa utaratibu maalumu. Wazo hilo lilikuwa jepesi lakini lenye matokeo makubwa. Aliyenunua treni mwaka huu angeweza kununua behewa mwaka ujao akiwa na hakika kwamba litaingia kwenye reli ileile.

Nchini Marekani, Chama cha Taifa cha Wapenzi wa Reli za Mfano, kijulikanacho kwa kifupi NMRA, kilianzishwa mwaka 1935. Wakati huo viwanda vilitengeneza kila kimoja kwa kipimo chake, na behewa la mtu mmoja mara nyingi liliacha njia likiwekwa kwenye reli ya mwenzake. Chama kiliweka viwango vya magurudumu, reli na makutano ya njia, ili kazi ya fundi mmoja iweze kutembea kwenye kazi ya fundi mwingine.

Waingereza wana kisa chao. Vichwa vya treni vya nchi hiyo ni vyembamba kuliko vya Ulaya bara, na mota za umeme zilizokuwapo kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hazikuweza kuenea ndani ya kiwiliwili kilichopunguzwa mara 87. Watengenezaji wakaamua kukuza kiwiliwili hadi uwiano wa 1 kwa 76, lakini reli wakaiacha na upana wake uleule wa milimita 16.5. Kipimo hicho, kiitwacho OO, ndicho kinachotawala Uingereza hadi leo, ingawa kila mtaalamu anajua kwamba treni zake zinatembea juu ya reli nyembamba kuliko inavyostahili.

Wapo wasiovumilia kosa hilo. Hao hung'oa magurudumu yote ya treni walizonunua na kuyapanga upya kwenye upana wa milimita 18.83, ambao ndio sahihi kwa hesabu. Wanapata usahihi, lakini treni zao haziwezi tena kupita kwenye reli za wenzao wengi. Kila mjenzi, mapema au baadaye, hukutana na chaguo hilo: kuwa sahihi peke yake, au kukubali kasoro ndogo ili atembee pamoja na wengine.

Kuchakaza kwa makusudi

Treni inayotoka dukani hung'aa. Treni halisi haing'ai. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mjenzi mwenye uzoefu ni kukichakaza kitu alichokinunua kwa bei kubwa, jambo linalowashangaza sana watu wa nyumbani kwake.

Kazi hiyo ina kanuni zake. Masizi hukaa juu ya paa, karibu na bomba la moshi. Kutu huanzia kwenye vichwa vya boliti na viungo vya bati, kisha huteremka kwa mistari kufuata maji ya mvua. Vumbi la kahawia la breki hujikusanya chini, kuzunguka magurudumu. Mjenzi huzimua rangi mpaka iwe kama maji, akaipaka, kisha akaifuta kabla haijakauka ili ibaki kwenye mianya tu. Wengine husaga chaki au rangi ya unga na kuipaka kwa brashi laini. Wote hufanya kazi wakiwa na picha ya treni halisi mbele yao, kwa kuwa kutu iliyowekwa mahali pasipo pake huonekana mara moja kwa anayejua.

Hatua inayofuata ni kubadili umbo. Fundi huchukua maboksi mawili ya vipande vya plastiki, akakata mbele ya hiki na nyuma ya kile, akaviunganisha kwa gundi na kupata behewa ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kuliuza. Wengine huanza na karatasi ya plastiki au bati la shaba pekee, wakiwa na kisu, tupa na michoro. Siku hizi vifaa vya kuchapisha vitu vya pande tatu vimeingia katika karakana za nyumbani. Anayechora kipande cha injini kwenye kompyuta anaweza kumtumia mchoro huo mwenzake aliye nchi nyingine, naye akakichapisha jioni ileile.

Umeme nao umebadilika. Zamani mwendo uliongozwa kupitia reli yenyewe: umeme ukiongezwa, treni zote zilizo kwenye kipande hicho zilikwenda kasi pamoja. Katika miaka ya 1990, NMRA ilipitisha kiwango cha uongozaji wa kidijitali kilichotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Kila kichwa hupewa chipu yenye namba yake na husikiliza amri zinazotajwa kwa namba hiyo tu. Treni mbili zinaweza kuwa kwenye reli moja, moja ikiondoka na nyingine ikisubiri. Kwa kuwa kiwango ni cha wote, mtu anaweza kubeba kichwa chake mkobani hadi nyumbani kwa rafiki yake na kukiendesha huko.

Mlima uliopunguzwa mara 87

Hamu ya kubadili inatokana mara nyingi na kukosa. Viwanda hutengeneza treni zenye wanunuzi wengi, na historia ya reli ni pana kuliko orodha ya bidhaa zao.

Mfano mmoja ni vichwa vya mvuke vya daraja la 59 vya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Vilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Vilikuwa 34, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 250, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimojawapo, chenye jina la Mlima Gelai ulioko kaskazini mwa Tanzania, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi.

Anayetaka kukijenga kichwa hicho kwa uwiano wa HO hukutana na hesabu mpya. Urefu wake wa karibu meta 32 hupungua na kuwa sentimeta 36 hivi. Reli ya Afrika Mashariki aliyotembelea ilikuwa na upana wa meta moja, kwa hiyo reli ya mfano haitakiwi kuwa ya milimita 16.5, bali ya milimita 11.5. Kwa bahati nzuri Ulaya nayo ina reli za meta moja, hasa katika milima ya Uswisi, na wapenzi wake walikwisha kukubaliana juu ya reli ya mfano ya milimita 12. Mjenzi wa kichwa cha Mombasa anaweza hivyo kuanza na reli iliyokusudiwa milima ya Uswisi.

Magari ya mfukoni

Magari madogo nayo yana historia yake. Jack Odell, mhandisi wa kampuni ya Lesney ya London, alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoenea katika kiberiti. Alimtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara, na kutokana na wazo hilo yakazaliwa mwaka 1953 magari ya Matchbox. Mwaka 1968, kampuni ya Mattel ya Marekani ilileta magari 16 ya kwanza ya Hot Wheels.

Magari hayo hutengenezwa kwa metali iliyomiminwa katika kalibu, na kiwiliwili hufungwa kwenye sakafu yake kwa ribiti. Mwenye kutaka kulibadili huitoboa ribiti hiyo kwa drili, akaligawa gari vipande viwili na kuiondoa rangi ya kiwandani kwa dawa. Kisha hulipaka rangi yake, hubandika maandishi yanayolowekwa majini na huweka magurudumu yenye matairi ya mpira. Mwisho hulifunga kwa skrubu badala ya ribiti, ili atakayelipokea aweze kulifungua na kuliendeleza.

Magari na treni hukutana kwenye meza moja. Tangu mwaka 1989, kampuni ya Faller ya Ujerumani imekuwa ikiuza magari yanayojiendesha: waya wa chuma hufichwa chini ya uso wa barabara, na sumaku iliyo kwenye magurudumu ya mbele huufuata. Mjini Hamburg, katika maonyesho ya Miniatur Wunderland yaliyofunguliwa mwaka 2001 na mapacha Frederik na Gerrit Braun, treni zaidi ya 1,000 hupita karibu na malori na magari ya zimamoto yanayotembea kwa msingi huo.

Meza inayounganika

Si kila mtu ana nafasi kama ya Hamburg. Katika miaka ya 1970, wapenzi wa kipimo cha N huko California walianzisha utaratibu uitwao NTRAK. Kila mmoja hujenga nyumbani kipande cha futi nne kwa mbili, akakipamba apendavyo, lakini njia tatu za mbele hupita mahali palepale katika kila kipande. Siku ya mkutano vipande huunganishwa, na jangwa la mtu mmoja likapakana na bandari ya mwingine. Treni hupita kote bila kuuliza mwenye ardhi ni nani.

Maonyesho ya Stamford yalikuwa ya namna hiyo ya kushirikiana: watu waliobeba kazi zao kutoka nyumbani na kuziweka mbele ya wengine. Ndiyo maana uharibifu wa usiku mmoja uliwagusa hata watu wasiowajua. Kichwa cha treni kilichovunjika kinaweza kununuliwa tena. Jioni zilizotumika kuchora matofali moja moja kwenye ukuta wa stesheni haziuzwi popote.

Hatari nyingine haivunji mlango. Mjenzi anapofariki, watoto wake mara nyingi hukuta maboksi yasiyo na maelezo, na kazi ya miaka 40 huuzwa kwa bei ya vitu vya kuchezea vilivyotumika. Kwa sababu hiyo, wenye busara huandika kadi ndani ya kila boksi: treni gani hii, ilipita njia gani, ilipakwa rangi gani, sehemu ipi ilibadilishwa na kwa nini. Wengine hugawa michoro yao na kuwafundisha vijana wa klabu wakiwa bado hai.

Klabu ya Market Deeping ilipata fedha kuliko ilivyoomba. Lakini kilichoiwezesha kuanza tena ni kwamba namna ya kujenga ilikuwa imekaa katika vichwa vya watu wengi, na kwamba reli za wenzao zilikuwa za kipimo kilekile.