MOTERI YA LEO, FRENI YA JANA



Leo ukurasa wetu wa usalama hauendi mgodini. Unaingia katika lupango yako, siku ya Mungu, nyuma ya nyumba chini ya mwembe, pale pikipiki inapozaliwa kipande kwa kipande.

Unajua namna kazi ile inavyokwenda. Mjomba alikuachia chasi ya Yamaha ya zamani. Moteri mpya ya kutoka China umeinunua kwa franga za miezi minne. Gurudumu limetoka kwa pikipiki ya jirani iliyogongwa. Taa, tangi na kiti, kila kimoja kina baba yake. Mshahara baada ya mshahara, chombo kinasimama, watoto wanapiga makofi.

Sisi wa dispanseri hatuichekei kazi ile. Mtu anayefufua chuma kilichokufa ni fundi kweli, na pikipiki mpya haiko kwa bei ya kila mfuko. Lakini shika neno hili moja: pikipiki ya kuchanganya haina nguvu ya kipande chake kipya. Ina nguvu ya kipande chake kibovu kuliko vyote.

WAYA WA KUFUNGIA

Mwaka uliopita, siku ya Mungu jioni, nilikuwa kwa zamu. Wakaletwa baba mmoja na mtoto wake wa miaka 9. Jina silitaji. Yeye mwenyewe ameniruhusu kueleza habari hii, ili isimpate mwingine.

Ni mtu wa matengenezo, mwenye mikono mizuri. Pikipiki yake aliijenga kwa miezi saba. Gurudumu la nyuma lilitoka kwa aina nyingine kabisa. Sasa sikiliza: kwa freni ya ngoma, kile kibao kinachobeba garnitire hakitakiwi kuzunguka. Kinashikwa na mkono wa chuma uliofungwa kwa buloni. Mkono ule haukufika kwenye tundu la chasi yake. Akaufunga kwa waya, mizunguko mitano, akajisemea: kesho nitachomelea kipande. Kesho ile ikakaa wiki sita.

Alipokanyaga freni kwenye mteremko, waya ukakatika. Kibao kikazunguka pamoja na gurudumu, kikavuta fimbo ya freni, gurudumu likakwama ghafula. Baba alivunjika mguu wa kulia, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Mtoto alivunjika mkono na kugonga kichwa. Hakuwa na kofia. Usiku ule alitapika mara tatu, akawa anauliza mama yake yuko wapi, na mama amekaa mbele yake akimshika mkono.

Tuliwapeleka wote wawili kwenye hospitali kubwa. Mtoto, Mungu asifiwe, amerudi shuleni. Baba alikaa miezi minane bila kazi, na leo anatembea na fimbo. Aliniambia: «Munganga, ku kazi siwezi kuwasha mashini mbele sijaangalia freni. Ku nyumba, nilifunga na waya.»

Maneno yale hayajatoka kichwani mwangu. Mtu ni yule yule, mikono ni ile ile. Mgodini ana sheria, nyumbani ameiacha mlangoni.

ANZA NA KINACHOSIMAMISHA

Wengi wetu tunaanza na moteri, kwa sababu ndiyo inayolia. Wewe anza na freni.

Kwanza soma namba iliyopigwa kwenye moteri. Moteri nyingi za China zinafuata mfano wa Honda CG 125, iliyotoka mwaka wa 1976. Ukiona 156FMI, elewa hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimeta, F ni ya kupozwa na hewa, M ni ya pikipiki, na I ni ukubwa wa 125. Ukiona 162FMJ, upana ni milimeta 62 na ukubwa ni 150. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Lakini chasi na freni zilizotengenezwa kwa ile ndogo hazina habari kwamba wewe umeongeza nguvu.

Na mwendo una hesabu yake. Ukienda mara mbili, nguvu ya kuzuia haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kama kwa kilometa 40 kwa saa freni yako inakusimamisha katika meta 12, kwa kilometa 80 freni ile ile itataka karibu meta 48. Mtoto anayevuka njia hatangoja meta zile.

Kama umeweka freni ya diski, tia mafuta yake yenyewe, yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira ya ndani, na freni inakukana siku unapoihitaji.

Mnyororo nao unadanganya. Namba 420 na namba 428 zote zina milimeta 12,7 kutoka pini hadi pini. Kwa hiyo mnyororo wa 428 utakaa juu ya meno ya 420, utafikiri umefaulu. Lakini upana wa ndani ni milimeta 7,9 kwa mmoja na 6,4 kwa mwingine. Unachezacheza kando, unakula meno, na siku moja unaruka na kufunga gurudumu. Namba ya mnyororo na namba ya meno ziwe moja, mbele na nyuma.

Mpira wa gurudumu utazame ubavuni. Mipira iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 ina tarakimu nne mwishoni mwa herufi DOT. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri na huku umezeeka. Ukiona nyufa, uache.

Mwisho, umeme. Pikipiki nyingi za zamani ni za volti 6, za leo ni za volti 12. Taa ya 6 kwa umeme wa 12 inaungua. Taa ya 12 kwa umeme wa 6 inawaka kama kimulimuli. Na fuzi ikikatika, usiweke waya mahali pake. Tumekwisha kusema juu ya waya.

LUPANGO SI ATELIE

Mama, sehemu hii ni yako pia.

Esansi ina mvuke mzito kuliko hewa. Unashuka chini, unatambaa hadi kwenye babula yako ya makala, halafu moto unarudi nao. Wakati tangi liko wazi, babula ikae mbali, upande upepo unakotoka. Tangi linalotaka kuchomelewa ni hatari zaidi likiwa tupu kuliko likiwa limejaa, kwa kuwa mvuke umebaki ndani. Usilichomelee nyumbani. Mpelekee fundi anayejua kulisafisha na kulijaza maji kwanza.

Usitie esansi katika chupa ya limonadi. Mtoto haoni esansi, anaona limonadi. Akinywa, usimtapishe, usimpe mafuta ya ngazi: esansi ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Mlete mbio, pamoja na chupa. Na wewe baba, usivute esansi kwa mdomo kwa mpira. Ni sumu ile ile.

Usijaribu moteri ndani ya nyumba au nyuma ya mlango uliofungwa. Moshi wake una hewa moja isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, mtu anakaa kidogo apumzike, hainuki tena.

Garnitire za zamani nyingi zina amianti. Vumbi lake linaingia mapafuni, na ugonjwa unatokea miaka 20 au 30 baadaye, nao ni pamoja na kansa. Usipulize ngoma ya freni kwa mdomo wala kwa kompresa. Mgodini tunalowesha mwamba ili vumbi lisituingie. Fanya vile vile hapa. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa kibichi, tia kitambaa katika mfuko, funga, tupa. Nguo za kazi ile zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

KOFIA

Wengine wanapanda pikipiki na kofia ya mgodini. Ndugu, kofia ile imefanywa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikufanywa kwa kichwa kinachoanguka ubavu kwa mwendo wa kilometa 60. Kofia ya pikipiki inapunguza kuumia kichwa kwa asilimia 69, na kufa kwa asilimia 42. Nunua mbili, na ya pili iwe ya kumtosha yule unayembeba.

KABLA YA KUWASHA

Kata orodha hii, ibandike ukutani:

1. Freni ya mbele na ya nyuma: kila moja peke yake inasimamisha?
2. Mkono wa kibao cha freni: umefungwa kwa buloni, au kwa waya?
3. Buloni za magurudumu na za moteri: zimekazwa na kuzuiwa zisilegee?
4. Magurudumu mawili: vuta kamba kutoka nyuma hadi mbele. Yako katika mstari mmoja?
5. Mnyororo na meno: namba moja?
6. Mipira: haina nyufa?
7. Taa za mbele na nyuma: zinawaka?
8. Kofia: ziko mbili?

Kama jibu moja tu ni hapana, pikipiki ilale. Nenda kwa miguu siku ile. Utafika ukiwa umechelewa, lakini utafika na miguu miwili.

Na kama una mashaka, mwite mwenzako wa matengenezo aitazame kabla hujapanda. Jicho la pili linaona waya ambao jicho la kwanza limekwisha kuuzoea.

Jengeni, ndugu zangu. Lakini tusikutane kwa zamu yangu siku ya Mungu.