Mbawakawa Wawili Hawali Mara Mbili

Mgomba kuanguka na mkungu haujakomaa ni hasara inayojulikana sana Kibingo na katika vibanja vya Kyerwa na Karagwe. Upepo ndio hulaumiwa. Lakini chunguza tunguu lililong'oka: mara nyingi utakuta limetobolewa njia nyeusi kila upande. Hiyo ni kazi ya mabuu wa fukusi wa migomba.

Fukusi ana maadui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Albrecht Koppenhöfer aliwachunguza magharibi mwa Kenya. Miongoni mwao ni Dactylosternum abdominale, mbawakawa mdogo mweusi anayeishi kwenye magogo ya migomba yanayooza, akila mayai na mabuu. Mkulima anayepasua gogo kuukuu anaweza kumponda akidhani ni fukusi. Tazama mdomo kwanza: fukusi ana mdomo mrefu uliopinda, huyu hana.

Je, tukiwaongeza mbawakawa hawa maradufu, fukusi watapungua maradufu? Hapana. Mwaka 1969 Hassell na Varley, wanasayansi wa Uingereza, walionyesha kwa nyigu vimelea kwamba watafutaji wanaposongamana, ufanisi wa kila mmoja hushuka. Kwa mbawakawa wawindaji kanuni ni hiyohiyo. Tuseme mmoja akiwa peke yake anakula mabuu manne. Wawili huenda wakala sita, na wanne wakaishia manane. Jumla inapanda, ila fungu la kila mmoja linapungua. Wanapita njia ambazo wenzao wameshazimaliza, wanakutana na kusumbuana, na muda wa kuwinda unapotea. Baadhi ya wawindaji, mawindo yakiadimika, hula hata mayai na watoto wa jamii yao.

Kwenye migomba kuna kikwazo kingine, nami nakiona kikubwa kuliko vyote: mabuu walio ndani kabisa ya tunguu bichi hawafikiki kwa urahisi, hata wawindaji wawe wengi kiasi gani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosubiri mbawakawa wa kuletwa kutoka mbali. Karne iliyopita Plaesius javanus alitolewa Java akapelekwa nchi nyingi, Uganda ikiwamo, na Afrika hakuleta nafuu iliyotarajiwa.

Mbawakawa wa kwetu anasaidia pale ambapo fukusi tayari ni wachache. Kazi ya kuwapunguza ni yetu, na inaanza kwenye mbegu. Chipukizi limenywe tunguu hadi pawe peupe, kisha litumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 kabla ya kupandwa. Ukishakata mkungu, usiache kisiki kizima: fukusi hutaga humo. Kikatekate, ukitawanye kikauke. Mgeni akikuomba machipukizi, usimpe yenye matobo, hata kama ni ndugu yako.