Mbwa wa Kumtumikia Asiyeweza Kwenda

Kiswahili chetu hakikumtendea mbwa wema. Mtu akiitwa mbwa hutaka kupigana. Asiye na mwenyewe huitwa koko, na akiwa mkubwa huitwa jibwa. Na sisi tuliosomeshwa chuoni tangu utotoni, Safina ikiwa mapajani, tulijua kwamba najisi ni tatu kabla hatujajua majina ya miji mikuu ya dunia, na kwamba ile iliyo nzito kupita zote ni ya mbwa na nguruwe: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Basi ndugu msomaji usishangae nikikwambia kwamba nilipopata habari za watu waliotoa umri wao kumfunza mbwa amtumikie mlemavu, nilitaka kwanza kujua watu hao ni nani na kimewasukuma nini. Habari za mbwa mwenyewe nilizitafuta baadaye.

Aliyeianza kazi hii ni mwanamke wa Kimarekani, Bonnie Bergin, mwalimu. Kabla ya hapo wako waliofunza mbwa kuwaongoza vipofu. Wajerumani walianza mwaka 1916, mjini Oldenburg, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani ikafuata mwaka 1929 kwa chama cha The Seeing Eye. Lakini kwa mtu anayeona ila hana nguvu za miguu wala mikono, hakuna aliyefikiri kwamba mbwa angemfaa kitu.

Bi Bergin alikuwa amesafiri Asia, na huko akaona jambo ambalo kwao hakuwa amezoea kuliona. Walemavu walikuwa nje, njiani na masokoni, wakitafuta riziki zao. Mwingine alikuwa akimwegemea punda ili asimame, na punda huyo huyo amembebea vitu vyake vya kuuza. Kwao Marekani siku zile mtu wa hali hiyo aghalabu alifichwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, ana kitanda na chakula, na mlango hauvuki. Aliporudi akajiuliza ni mnyama gani Mmarekani angekubali kuishi naye ndani ya nyumba badala ya punda, akaona ni mbwa. Mwaka 1975, huko Santa Rosa katika jimbo la California, akaanzisha chama kisichotafuta faida kilichoitwa Canine Companions for Independence. Nataka msomaji alishike hilo la punda, kwani tutalirudia.

Mbwa wao wa kwanza alipewa mwanamke kijana aliyepooza mikono na miguu. Mbwa huyo walimwita (na hapa naomba radhi, sikubuni mimi) Abdul. Kwa hakika hawakujua walichokitamka. Hilo hata jina kamili si jina, ni nusu ya jina, ni kusema "mja wa" kisha ukanyamaza, ukamwacha mja hana Mola. Nilipofika hapo niliziweka karatasi chini nikaenda kunywa kahawa. Nilizishika tena baada ya vikombe viwili, na nafurahi kwamba nilizishika.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kitoto cha mbwa cha miezi miwili hupewa watu wa kujitolea wakae nacho nyumbani, wakizoeze watu, magari, kelele na ngazi, mpaka kikaribie mwaka na nusu. Hapo hurudishwa chuoni kwao kikafunzwa na mafundi kwa miezi sita au zaidi: kuokota kilichoanguka, kufungua mlango kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye kitasa, kuwasha taa kwa pua, kuvuta kiti cha magurudumu kwa mshipi wa kifuani, kusimama imara mtu amwegemee. Mwisho huja mlemavu mwenyewe, akae hapo kiasi cha majuma mawili, wafundishwe pamoja. Wengi hawafuzu. Mwenye woga hurudishwa, mwenye kufukuza paka hurudishwa. Gharama ya mbwa mmoja aliyefuzu hufika makumi ya maelfu ya dola, na mlemavu hatozwi kitu. Ndiyo kusema kiongozi wa chama cha namna hii nusu yake ni fundi na nusu ya pili ni mwombaji, ashinde akiandika barua kwa matajiri. Bi Bergin baadaye alikiacha chama hicho, na mwaka 1991 akaanzisha chuo cha kuwafunza hao wafunzaji, maana alikwisha kuona kwamba mbwa wanapatikana na watu wa kuwafunza hawapatikani.

Katika bara letu, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia. Chama chao kilianza mwaka 1953 kwa mkono wa Bi Gladys Evans, ambaye yeye mwenyewe alikuwa haoni na alikuwa na mbwa wake wa kumwongoza. Leo chama hicho hufunza pia mbwa wa kuwatumikia wenye ulemavu wa viungo.

Lakini kwa sisi wa Afrika Mashariki, aliye jirani yuko Uganda, mjini Gulu. Nchi ya Waacholi ilisumbuliwa na vita vya Lord's Resistance Army tangu mwisho wa miaka ya 1980 hata mwaka 2006. Watoto wakichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wakatiwa bunduki mikononi. Francis Okello Oloya alikuwa na miaka 12, anafanya kazi shambani kwao, bomu lililokuwa limefukiwa ardhini likalipuka na kumpofusha. Akapelekwa shule ya bweni. Mwenyewe amesimulia kwamba shida yake kubwa ilikuwa usiku, kutoka bwenini kwenda chooni. Mbwa waliokuwa wakizurura pale shuleni wakamtambua kwamba ni mtu wa kusaidiwa, wakawa wakimsindikiza kwenda na kurudi. Hakuna aliyewafunza wala kuwalipa.

Mtoto huyo alikua, akasoma elimu ya nafsi za watu, na mwaka 2015 akauanzisha mradi wa mbwa wa kuliwaza, Comfort Dog Project, chini ya chama kiitwacho The Big Fix Uganda kilichoasisiwa na Mmarekani Sarah Schmidt. Huwachukua mbwa wasiotakiwa na mtu, wakawatibu, wakawahasi, wakawachanja sindano ya kichaa, kisha humkutanisha kila mbwa na mtu mmoja aliyeumizwa na vita: aliyetekwa akiwa mtoto, mwenye kuamka usiku akipiga mayowe, aliyekimbiwa na jamaa zake. Hujifunza pamoja kwa miezi kadhaa, na mtu huyo huapa kwamba atamtunza mbwa wake maisha. Mbwa wa Gulu havuti kiti wala hafungui mlango. Kazi yake ni kuwa hapo mtu anapozinduka gizani. Hata hivyo nimemweka Bwana Oloya hapa kwa makusudi, kwa sababu ni kiongozi aliyeijua haja kabla ya kuijua dawa, na kwa sababu hakuwa na makumi ya maelfu ya dola. Alianza na koko.

Habari hizi nilikwenda nazo Bodo. Kwa asiyepajua, Bodo ni kijiji cha wavuvi kusini ya Msambweni, penye mikoko, na hapo ndipo zinapotoka mashua za kwenda Funzi. Msambweni na pande zile zote za Kwale miguu inayougua si jambo geni. Matende yamewakalisha wengi, na minazi, Mungu atunusuru, imewaangusha wengine. Niliyemwendea mimi ni mmoja wa hao wa minazi. Alikuwa mkwezi, akateleza, akaanguka kwa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haimtii. Jina lake nalihifadhi.

Amepewa kiti cha magurudumu na wahisani. Kimewekwa pembeni, kimetandikwa leso, kuku hulala juu yake. "Baba," aliniambia, "kiti hiki ni kizuri mno kwa mtu wa Mombasa." Hapo kwao ni mchanga mlangoni na mawe ya matumbawe njiani, gurudumu huzama au hukwama. Basi hushinda mkekani, kwenye baraza ya nyumba ya mamake. Asubuhi wanaume wako baharini, wanawake wako makondeni au wamekwenda kutafuta chaza, watoto wako shule. Juzi yake fimbo yake ilimponyoka ikaangukia chini ya baraza baada ya adhuhuri. Iliokotwa baada ya laasiri. Aliyasimulia haya pasi na kulalamika, kama mtu asimuliaye habari za kupwa na kujaa.

Nikamweleza habari za mbwa wa California. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Huyo mbwa akiniokotea simu kwa mdomo, nami nina udhu, simu hiyo naipokeaje?"

Nakiri swali hilo sikuliona kokote katika yale niliyosoma, na ndilo swali lenyewe kwa watu wetu. Kufuga mbwa kwa haja hakukukatazwa. Hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, zimemtoa katika lawama mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wakulima wa bara ya Kwale wenye kusumbuliwa na nyani na nguruwe mwitu wanalijua hilo. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Kurani. Aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Haya yote twayajua, twayasema kila Ramadhani. Ila mate yabaki kuwa mate, na sisi ni wafuasi wa Imamu Shafii. Wafuasi wa Imamu Malik wao humhesabu mbwa kuwa ni tohara, lakini mtu wa Bodo hawezi kubadili madhehebu kila simu inapomwanguka.

Hata hivyo wanavyuoni wetu walikwisha kukutana na jambo lililo karibu na hili. Windo aliloshika mbwa aliyefunzwa ni halali kuliwa, Kurani imelitaja waziwazi katika Sura ya Meza. Sasa pale meno yalipogusa? Wako waliosema pamesamehewa kwa sababu ya dhiki. Na kauli iliyotiwa nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba paoshwe kwa maji na udongo, kisha nyama iliwe. Yaani msaada wa mbwa haukutupwa kwa sababu ya mdomo wake. Uliwekewa adabu. Mzee mmoja mwenye chuo, aliyekuwa amekaa nasi barazani, aliongeza kwamba kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Tukaona basi kazi ya mbwa ni mbili. Kazi ya bega, yaani kuvuta na kuegemewa, ni nyepesi kwa Mshafii, nguo na manyoya vikiwa vikavu. Kazi ya mdomo ni nzito, na simu, alisema mzee huku akicheka, haioshwi mara saba ikabaki simu. Mimi si mufti. Nimeandika tuliyoyazungumza, wenye elimu watatusahihisha.

Waislamu wa mbali wamekwisha kuingia ndani ya mambo haya. Mwaka 2008, mjini Leicester, Uingereza, mwanafunzi mmoja kipofu alitaka kwenda msikitini na mbwa wake wa kumwongoza. Baraza la sheria la Waislamu wa nchi hiyo likatoa fatwa ya kumruhusu, na msikiti ukamtengea mbwa mahali pa kungoja, nje ya pale panaposaliwa. Na huko Dearborn, Michigan, binti wa Kiislamu asiyeona, ambaye wazee wake hawakutaka mbwa nyumbani, mwaka 2009 alipata farasi. Farasi wa aina ndogo kabisa, wa kufika kiunoni, amefunzwa kumwongoza njiani na hata kupanda naye basi. Sheria za Marekani sasa zinamtambua farasi wa namna hiyo pamoja na mbwa. Isitoshe, mbwa hufanya kazi miaka minane au kumi akachoka, na farasi huweza kuishi hata thelathini.

Hapo kijana akakaa sawasawa mkekani. Farasi Bodo hakuna, lakini punda je? Mate yake hayana neno, mchanga haumkwamishi, na Kinango hubeba maji kutwa nzima. Nikamwambia kwamba kwa punda ndiko fikira yote ilikoanzia, yule mama alimwona punda kwanza na mbwa akaja badala yake. Alicheka sana. Kisha akataka kujua mambo ya kazi: punda hufunzwa vipi kusimama kimya mtu anapojivuta juu yake, hufungwa mshipi gani, na nani Pwani hii atakubali kukaa mwaka mzima akimfunza mnyama mmoja kwa ajili ya mtu mmoja bila malipo. Kwa mawili ya kwanza nilimwahidi kumtafutia maandishi.

Kwa la tatu sikuwa na jibu. Nilipokuwa nikiaga, alikuwa amekwisha kumtuma mtoto wa jirani kwa mtu mmoja upande wa barabara kuu mwenye punda wawili wa kubebea nazi, akamwulize kama yule jike, aliye mpole, anaweza kuazimwa siku za Ijumaa.