Miale Iliyoonwa na Wachache

Dai la kisayansi hutaja mapema matokeo yatakayoliangusha. Sayansi bandia hukwepa hapo. Kwa mfano, mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia wa Nancy, Ufaransa, alitangaza kugundua miale ya N. Ushahidi mkuu ulikuwa jicho: cheche hafifu ikizidi kung'aa gizani, miale ipo. Wafaransa kadhaa walidai kuiona. Uingereza na Ujerumani, wapi! Mwaka 1904 mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alitembelea maabara hiyo na, gizani, akaondoa kimyakimya prizimu ya alumini iliyodaiwa kuipinda miale. Vipimo vikaendelea kusomwa vilevile. Blondlot hakuwa tapeli, alijidanganya mwenyewe. Wood alichapisha ripoti yake katika jarida la Nature, na nje ya Ufaransa miale ya N ikaachwa.